Hodi Mlangoni mwa Msitu

Kwetu mtu haingii nyumbani mwa mwenziwe bila kupiga hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata mwenye nyumba akiwa ndugu yako wa tumbo moja, utasimama nje kungoja sauti ya kukukaribisha. Nilidhani desturi hiyo ni ya nyumba tu. Lakini nilipokwenda kumtembelea dada yangu, akaaye na mumewe katika mji wa Duluth, upande wa kaskazini wa Marekani, niliona watu wakipiga hodi mbele ya msitu.

Msitu huo uko katika jimbo la Minnesota, mpakani mwa Kanada, na jina lake ni Boundary Waters, yaani Maji ya Mpakani. Eneo lake lapata kilometa za mraba 4,400, na ndani yake mna maziwa zaidi ya 1,000, makubwa kwa madogo, yaliyounganishwa na mito na vijia vyembamba. Sheria za nchi za mwaka 1964 na 1978 ziliamuru pabaki kama palivyo. Basi hutaona humo nyumba wala duka, na katika maziwa mengi injini imekatazwa. Atakaye kupita hupita kwa mtumbwi na kasia. Na pale maji yanapokatika, huubeba mtumbwi wake mabegani mpaka ziwa la pili.

Tulisafiri katika mwezi wa nane. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa ameomba ruhusa miezi mingi kabla, maana tangu mwezi wa tano hadi mwisho wa mwezi wa tisa kila mlango wa msitu hupewa hesabu yake ya vikundi kwa siku, na hesabu ikitimia hakuna nyongeza. Pamoja nasi walikuwamo jirani yao, mwenyeji wa Uvira, na mkewe, na padri wa parokia yao, mzee Mmarekani mwenye mvi.

Padri huyo alituomba tupite kwanza pwani ya ziwa Superior, penye mdomo wa Mto wa Msalaba. Pale pana msalaba wa mawe. Mwaka 1846 padri Frederic Baraga, mmisionari kutoka Slovenia, alivuka ziwa lile katika mtumbwi mdogo pamoja na kiongozi wake wa kabila la Ojibwe. Tufani iliwakamata katikati, mawimbi yakawa kama vilima, lakini waliingia salama katika mdomo wa mto huo, wakasimika msalaba wa mti kumshukuru Mungu. Baraga aliandika sarufi na kamusi ya Kiojibwe, akawa askofu, na mwaka 2012 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa. Tulisali kumi moja ya rozari, tukaendelea na safari.

Kituo cha walinzi wa msitu tulichotakiwa kufika kiko Ely, mji mdogo wa watu wachache na mitumbwi mingi. Ndani mlikuwa na meza ndefu, ramani kubwa ukutani, na nyuma ya meza bibi mmoja wa makamo aliyevaa mavazi ya serikali. Nilimtazama kiunoni, nikaona hana bunduki. Mkononi alishika kalamu ya risasi tu.

Ninyi mliokwenda Tshivanga, kwenye mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, mtafahamu kwa nini nilitazama hivyo. Nimewapeleka wanafunzi wangu pale kuwaona masokwe. Mlinzi wa kwetu hushika bunduki kwa kuwa kazi yake ni ya kufa na kupona. Katika mbuga ya Virunga peke yake walinzi zaidi ya 200 wameuawa. Yule bibi wa Ely aweza kuzeeka katika kazi yake bila kufyatua hata risasi moja. Sisemi haya kwa wivu. Nasema tu kwamba niliyaona, na kwamba kalamu ile ilinitia simanzi kidogo.

Bibi alituuliza jina la kiongozi wa safari. Shemeji akatoa kitambulisho chake. Cheti hutolewa kwa mtu aliyetajwa, kwa siku iliyotajwa na kwa mlango uliotajwa. Ukipewa mlango wa ziwa liitwalo Lake One, huwezi kuingilia kwingine kwa sababu kwingine kunakupendeza zaidi. Na kiongozi mwenyewe sharti awemo safarini. Hawezi kutia sahihi kisha akarudi nyumbani kulala.

Halafu akaanza kutuuliza kama mwalimu wa katekisimu aulizavyo kabla ya Komunyo ya kwanza. Mtalala wapi? Katika makambi yaliyowekwa tu. Moto mtauwasha wapi? Ndani ya wavu wa chuma ulio katika kila kambi, si pengine. Mtauzimaje? Tukajibu, kwa maji. Akasema haitoshi: mwageni maji, mkoroge majivu, mmwage tena, kisha muweke mkono, kama mkono hauwezi kukaa, moto haujafa. Mwaka 2007, akatuambia, moto mmoja wa kambi ulioachwa bila kuangaliwa uliteketeza msitu wa hekta zipatazo 30,000, huku Marekani na ng'ambo ya mpaka, pamoja na majengo zaidi ya 100. Na mwaka 2011 radi iliwasha moto penye kijito cha Pagami, upande uleule tuliokuwa tunakwenda sisi. Moto ule ulinyemelea polepole kwa wiki kadhaa, kisha siku moja ya mwezi wa tisa upepo ukaurusha mbio, hata baadhi ya walinzi wenyewe wakajificha chini ya vitambaa vya kukinga moto. Hakufa mtu. Kwa sababu hiyo, asema, twataka kujua nani yuko ndani.

Chakula mtakiwekaje usiku? Hapo hatukujua. Dubu wa huko ni weusi, wana pua kali kuliko mbwa, nao wakizoea chakula cha watu mara moja hawasahau. Basi chakula hutundikwa juu ya mti mbali na shina, au hutiwa katika pipa gumu lisilofunguliwa na makucha. Mwishowe akauliza kama tuna mikebe au chupa za kioo. Dada akanitazama. Tulikuwa na mikebe kumi na miwili ya sardini, maana Mkongo gani asafiri bila sardini? Mikebe imekatazwa humo, na chupa pia, isipokuwa za dawa na vitu kama hivyo. Haviozi, na wasafiri wa zamani walikuwa wakivitupa maziwani. Sardini zetu zikarudi garini.

Mpaka hapo tulikuwa tunacheka. Kisha bibi akaweka kalamu chini, akatuhesabu kwa macho. Akahesabu tena.

"Ninyi ni kumi," akasema. "Sheria ni watu tisa kwa kikundi, na mitumbwi minne."

Shemeji akashangaa. Alikuwa ameandika tisa, na kwa hesabu yake tulikuwa tisa kweli: padri, yeye na mkewe, watoto watatu, jirani na mkewe, na mimi. Kitinda mimba wao, msichana wa miaka minne, alikuwa amelala begani mwa mama yake. Kwetu mtoto wa kubebwa halipi nauli ya basi, naye shemeji kwa mazoea ya nyumbani hakumhesabu. Bibi akajibu kwa upole kwamba kila aliye hai huhesabiwa. Tukaomba cheti cha pili; kwa mlango ule hesabu ya siku ile ilikuwa imetimia. Hata kingepatikana, vikundi viwili haviruhusiwi kuungana, si majini wala kambini, wakapita tisa.

Nikasikia jirani yetu akinong'ona kwa Kiswahili: "Mama na mtoto watoke wakae garini. Huyu aandike tisa. Kule ziwani nani atahesabu?"

Padri, asiyejua Kiswahili, akaniuliza rafiki yetu asemaje. Wasomaji, mimi nimefundisha amri ya nane kwa miaka mingi. Nilijibu: "Anafikiri njia." Maneno hayo hayakuwa uongo, wala hayakuwa kweli, nami nilijua hivyo nilipokuwa nayasema. Shemeji alikuwa akitazama ramani kana kwamba maziwa yale yangemjibu. Alikuwa ameomba likizo tangu mwaka uliopita.

Nikasema nitabaki mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitumaini kukataliwa, na kweli nikakataliwa: mgeni aliyevuka bahari haachwi mlangoni. Padri naye alitaka kubaki, wakamkatalia. Shemeji hakuweza, kwa kuwa yeye ndiye kiongozi. Basi dada akasema, "Kaka, msisumbuke. Mimi nitabaki na mdogo." Aliyasema kama mtu aliyekwisha kuyajua tangu mwanzo. Na sisi wanaume, naona haya kuandika, tuliafiki upesi mno. Siku tatu alikuwa amekausha nyama, amefunga unga na maharagwe katika vifuko, ameandika juu ya kila kifuko siku yake.

Bibi akaandika wanane. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Cheti, asema, chatuonyesha mmeingia. Hakituonyeshi kama mmetoka. Hatutawatafuta kwa sababu siku zenu zimekwisha. Lazima awepo mtu nje anayejua njia yenu na siku ya kurudi, naye ndiye atakayepiga simu msiporudi. Akatoa karatasi nyingine, akachora juu yake njia yetu ya usiku tatu, akampa dada.

Ziwani tuliagana. Nilifurahi kukuta kwamba kijia cha kubebea mitumbwi huitwa huko "portage", kama katika Kifaransa chetu, kwa sababu wa kwanza kukiita hivyo ni Wafaransa wa Kanada, wachukuzi wa biashara ya ngozi. Kila mmoja wao alikuwa akibeba kwa kawaida marobota mawili, kila robota kilo 41. Walipotoka Montreal husimama kwenye kanisa la Mtakatifu Anna, mwishoni mwa kisiwa, wakasali na kutoa sadaka kabla ya kuingia nchi zisizo na kanisa. Hodi yao ilikuwa pale. Lakini neno lile kwa Mkongo lina uchungu wake pia. Babu zetu walibeba mizigo ya wengine kuzunguka maporomoko kati ya Matadi na Kinshasa, kwa kulazimishwa, na wengi walilala njiani, mpaka reli ilipofika mwaka 1898. Mtumbwi wa leo wa Ely ni mwepesi, kilo 20 tu. Niliubeba kwa hiari yangu, nikatoa jasho, na sikuweza kuyasahau mabega yale mengine.

Wala maji hayo hayakuwa bila wenyewe. Waojibwe waliiacha nchi ile kwa mkataba wa mwaka 1854, wakijiwekea haki ya kuwinda na kuvua, na mpaka leo wanayo. Mto wa Kawishiwi, upitao katika Lake One, jina lake ni lao. Nilifikiri Batwa wa Kahuzi, waliotolewa msituni mwao baada ya mwaka 1970, wasioandikiwa mkataba wo wote.

Juu ya siku zile nitasema machache. Usiku wa kwanza tulisikia ndege wa majini aliaye kama mtu anayecheka msibani, watoto wakatambaa katika hema la padri. Usiku wa pili mvua. Shemeji alizima moto kwa maji, akakoroga, akamwaga tena, akaweka mkono. Hata jirani yetu wa Uvira aliweka wake. Kila tulipofungua kifuko tuliona mwandiko wa dada, na siku ya tatu chini kabisa ya mfuko tukakuta pilipili, ambayo hakuna aliyemwomba.

Siku ya nne, kabla ya saa tisa, tuliona pwani. Dada alikuwa amesimama juu ya jiwe, mtoto mkononi, karatasi ya yule bibi mkono wa pili. Hakutupungia. Alikuwa akihesabu, na midomo yake ilikwenda mpaka nane, ndipo akakunja karatasi.