Mzigo wa Muhula Mmoja

Makala hii ninaiandika kwa haya kidogo, kwa kuwa kosa ninalolisimulia ni langu mwenyewe.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipochaguliwa kusomea Kemia na Hisabati katika chuo kikuu, nyumba yetu ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ilijaa vigelegele. Kahawa ya baba ilikuwa imetusomesha sote, lakini hakuna aliyekuwa amefika huko. Mimi niliishia kwenye stashahada ya uandishi wa habari, na kwa stashahada hiyo nikajiona mjuzi wa mambo ya vyuo. Siku ya kujiandikisha alinipigia simu kuniuliza achukue masomo mangapi. Nikamjibu bila kusita, "Chukua yote unayoruhusiwa. Mzigo mzito ubebe mapema, ili mwaka wa tatu upumue."

Alinitii. Ndivyo alivyo mdogo wangu: dada akisema, imekwisha.

Laiti ningalipiga hesabu kwanza! Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka mzima una krediti 120. Muhula mmoja basi ni krediti 60, yaani saa 600, ambazo zikigawanywa kwa majuma 15 ya masomo huwa saa 40 kwa juma. Hiyo ni kazi kamili. Kwa ushauri wangu, mdogo wangu alijitwika krediti 76 katika muhula wa kwanza. Hizo ni karibu saa 51 kwa juma, bado hajafua nguo wala hajapanga foleni ya chakula.

Tena somo la sayansi lina tabia ambayo sisi wa fani nyingine hatuijui. Mimi chuoni niliweza kuandika insha usiku mmoja, asubuhi nikaikabidhi. Maabara haina usiku mmoja. Jaribio lina siku yake na saa yake, na likikupita limekupita; ukitoka humo alasiri, miguu inauma, ripoti inakungoja nayo ina tarehe yake. Ripoti hizo ndizo zilizokula usiku wa mdogo wangu. Alizikabidhi zote, akafaulu masomo yote yenye maabara. Alichoanguka ni Hisabati, somo alilokuwa akiwafundisha wenzake sekondari! Kila juma aliliahirisha kwa kuwa alilijua.

Nilifika nyumbani mwezi Agosti, kahawa ikiwa imeiva. Nilimkuta kihambani na baba, kikapu kiunoni, macho yamevimba. Mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita "sapu", ulikuwa Septemba. Akishindwa, angelazimika kungoja mwaka mzima, kwa sababu somo lile hufundishwa muhula wa kwanza tu. Na lilikuwa mlango wa masomo mengine mawili ya mwaka wa pili. Mkopo wake wa Bodi ya Mikopo nao ulitegemea kuvuka mwaka. Baba alikuwa amekwisha kumwangalia ng'ombe wetu kwa jicho la mtu anayehesabu.

Jioni ile jua lilipoanza kushuka, baba alituamuru tuache kuchuma. Mistari miwili ilikuwa bado imejaa matunda mekundu. Nikamwambia, "Baba, si tumalizie tu?" Akanitazama kama mgeni. "Mashine ya kumenyea ni moja, mama. Na kahawa iliyochumwa leo humenywa leo. Tukichuma zaidi, tutaimenya na nani?"

Kisha, bila kupandisha sauti, akamgeukia mdogo wangu. "Nani alikuambia uchukue masomo yale yote?"

Mdogo wangu akainamia kikapu chake. "Niliamua mwenyewe, Baba."

Usiku ule sikulala. Alfajiri, kabla chai haijawekwa mezani, nilimwambia baba ukweli. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimewahi kuingia katika maabara ya chuo kikuu, nikasema hapana. Akachukua kikapu chake akatoka.

Majuma yale mdogo wangu hakuguswa na kazi ya nyumbani. Mama alimtengea meza karibu na dirisha, mimi nikaomba likizo ya siku kumi nikachuma kahawa badala yake, vidole vikachubuka. Mtihani aliupita kwa alama C, na ng'ombe yupo zizini hadi leo.

Mwezi Novemba alinitumia orodha ya masomo yake ya mwaka wa pili. Masomo matatu ya maabara alikuwa ameyagawa, mawili muhula wa kwanza, moja muhula wa pili, na kando ya kila somo ameandika saa zake kwa kalamu nyekundu, za ripoti zikiwamo. Hisabati ilikuwa na saa zake kila Jumatatu na Alhamisi. Chini aliandika, "Dada, unaonaje?"

Nilimjibu kwamba amuulize mwalimu wake mshauri.