Historia ya msimbo ilipohamia ndani ya Vim

Nilipoanza kazi ya programu Dar es Salaam, kuandika msimbo na kutunza matoleo yake zilikuwa shughuli mbili, kila moja na wakati wake. Mchana kutwa unaandika. Jioni, kabla ya kufunga ofisi, unatuma yote kwa mkupuo kwenye seva ya Subversion. Seva ya mradi wetu ilikuwa Ulaya, na intaneti ya ofisi ilipitia setilaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado haujafika. Ulianza kazi Julai 2009. Kwa kuwa huwezi kuhifadhi toleo mpaka seva iitikie, watu walilimbikiza. Kazi ya siku kadhaa iliingia kwa pamoja, na maelezo yake neno moja tu: "marekebisho".

Git ndiyo iliyotufungua. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, na katika Git historia nzima ya mradi hukaa kwenye kompyuta ya kila mmoja. Unakomiti, yaani unahifadhi toleo, hata mtandao ukiwa umekatika. Kwetu sisi tuliozoea kuisubiri setilaiti, hilo halikuhitaji kufafanuliwa mara mbili.

Mazoea, hata hivyo, hayakuondoka. Nilikuwa naandika ndani ya kihariri cha Vim, natoka, naandika amri, natazama tofauti zikipita mbio kwenye skrini, kisha narudi kutafuta nilipoishia. Ni usumbufu mdogo, lakini saa kumi na moja jioni unatosha kumfanya mtu akomiti kila kitu bila kusoma.

Vim yenyewe nina mapenzi nayo ya pekee. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na ukiifungua Vim bila faili inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Mimi ni mtu wa Kagera, ng'ambo tu ya mpaka. UKIMWI uliowaacha watoto wa Kibaale yatima ndio uliowaacha yatima watoto niliosoma nao. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1, lililotoka Januari iliyofuata, lilitolewa kwa heshima yake.

Kilichobadilisha kazi yangu ni fugitive, programu-jalizi ya Tim Pope inayoiingiza Git ndani ya Vim. Unaandika :Git, dirisha linafunguka juu ya msimbo uliokuwa ukiuandika, likiorodhesha faili ulizozigusa. Weka kishale kwenye faili, bonyeza alama ya sawasawa, na mabadiliko yake yanakunjuka papo hapo: mistari iliyoondolewa ina alama ya kutoa, iliyoongezwa ina alama ya kujumlisha. Peleka kishale kwenye kipande kimoja cha mabadiliko hayo, bonyeza s, na kipande hicho peke yake kinashuka kwenye orodha ya vitakavyoingia katika komiti ijayo. Vingine vinangoja.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kazi yangu mwenyewe. Kipande baada ya kipande, unalazimika kujiuliza: hiki kinahusiana na kile? Kama havihusiani, ni komiti mbili. Na komiti inayofanya jambo moja inakudai useme ni jambo gani, kwa nini. Wengi husifu kasi ya zana hizi, na kasi ipo kweli. Lakini kwangu thamani yake kubwa ni kwamba kusoma kumekuwa sehemu ya kuandika. Vijana waliokulia kwenye VS Code, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, wameikuta Git pembeni mwa msimbo na hawajui kwamba vitu hivyo viliwahi kuishi mbalimbali.

Karibuni mmoja wao alinijia kuhusu mstari ulioonekana hauna kazi. Ulikuwa ukiangalia kama ankara ni ya kabla ya tarehe 1 Julai 2009, na kama ndivyo, unakokotoa VAT kwa asilimia 20 badala ya 18. "Kaka, huu si tuufute?" Tuliandika :Git blame, safu ikajitokeza kushoto ikionyesha kila mstari uliandikwa na nani, lini. Tukafungua komiti yenyewe, iliyohamishwa kutoka Subversion ya zamani. Ilikuwa imegusa faili chungu nzima, na maelezo yake yalikuwa "marekebisho".

Nikamweleza kwamba siku hiyo VAT ilishuka Tanzania, na kwamba ankara ya zamani ikichapishwa upya lazima ibaki na kiwango cha wakati wake. Akaiondoa ile tarehe katikati ya hesabu, akaipa jina linaloeleweka, akaongeza jaribio la ankara ya Juni 2009. Kisha akafungua dirisha la fugitive, akachagua vipande hivyo tu, na katika maelezo ya komiti akaandika sababu ya kisheria na sababu ya kutoufuta. Marekebisho yake mengine ya asubuhi hiyo yaliingia kwenye komiti za peke yake, kila moja na maelezo yake.