Filamu za Mambo ya Kale na Sisi Watu wa Mtoni

Katika Italia ya kaskazini uko mji mdogo uitwao Rovereto. Tangu mwaka 1990 watu hukusanyika huko kutazama filamu zenye habari za vitu vya kale vilivyofukuliwa ardhini. Filamu hizo hutoka nchi nyingi za dunia, na kumekuwako tuzo yenye jina la Paolo Orsi, mwana wa mji ule, aliyezaliwa mwaka 1859 akawa mchimbuzi mkubwa wa Sicilia. Sisi wa Kisangani hatuna mkutano wa namna hii. Tunacho kitambaa cheupe, mashine ya kuonyesha picha, na jenereta ambayo hufanya kazi siku inazotaka yenyewe.

Kwa vyombo hivyo tuliwaonyesha vijana wa parokia filamu juu ya makaburi ya wafalme wa Misri. Ilipokwisha tukawauliza: Ishango ni nini? Tutankhamun walimjua, na jeneza lake la dhahabu pia. Ishango hakuna aliyeijua. Mmoja alisema labda ni mchezaji wa mpira. Tulicheka wote, lakini jambo lenyewe halichekeshi, maana Ishango iko katika nchi yetu hii hii, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua pale mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe gumu kilichotiwa nchani. Juu yake mna alama zilizokatwa kwa safu tatu. Ukizihesabu za safu moja utapata 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Safu nyingine 11, 21, 19 na 9, tena 60. Na ile ya tatu jumla 48. Je, ni hesabu? Ni siku za mwezi? Wataalamu wanabishana hata leo. Umri wake wapata miaka 20,000. Mfupa wenyewe uko Brussels katika nyumba ya makumbusho, na mtoto wa Kisangani asiye na nauli ya ndege hawezi kuuona ila kwa picha.

Tena kando ya Semliki iyo hiyo, mahali paitwapo Katanda, zilipatikana ncha za mifupa zenye meno, za kuchomea samaki, umri wake kama miaka 90,000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Wagenia wetu wanaotega vikapu vyao penye maporomoko wangeipenda habari hiyo kuliko dhahabu yote ya Farao.

Si kwamba kamera hazikufika kwetu. Mwaka 1951 John Huston alikuja na watu wake kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, kupiga filamu The African Queen. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alipiga sehemu ya The Nun's Story hapa mjini, ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, na kule Yakusu. Basi mito yetu imeonwa dunia nzima, lakini kama njia ya mashua ya wageni tu. Kilichomo chini ya udongo wetu hawakukiuliza.

Twakubali kwamba msitu ni mgumu kupigwa picha. Udongo wake una ukali unaokula mifupa na miti. Hubaki vigae vya vyungu, makaa na mawe, vitu visivyong'aa. Hata hivyo Mjerumani Manfred Eggert, kuanzia mwaka 1977, alizunguka mito ya msitu kwa mashua akitafuta hasa vigae hivyo, akaonyesha kwamba wafinyanzi walikaa kandokando ya mito zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 2010 msafara ulioitwa Boyekoli Ebale Congo ulipita mtoni upande wa Kisangani na Bumba, wataalamu wa mimea, wa samaki na wa mambo ya kale wakiwa pamoja. Makaa yaliyolala karibu na kigae hupimwa, nayo hueleza ule mti ulikufa lini. Hapo ndipo kigae kinapopata umri, na bila makaa kinakuwa bubu.

Kwa hiyo twawaomba hasa ninyi ndugu mnaofyatua matofali, na ninyi mnaochimba visima na misingi ya nyumba. Jembe likigonga chungu, ngojeni kwanza. Pigeni picha kwa simu kabla ya kukitoa, jembe likiwa kando ili ukubwa uonekane. Andikeni jina la mahali na kina cha shimo. Makaa msiyatupe, wala msiyaoshe. Kisha pelekeni habari Chuo Kikuu cha Kisangani. Na ikiwezekana, pigeni picha inayotembea, dakika mbili tu zatosha, mchimbaji mwenyewe akieleza kwa Kiswahili au Kilingala jinsi alivyokiona. Zilizo nzuri tutazionyesha kwenye kitambaa chetu kabla ya filamu nyingine yoyote, jenereta ikikubali.