Siti ya pikapu ya Mzee ilivyoniumbua

Msomaji wangu, wapo wanaofilisika kwa pombe, wapo wanaofilisika kwa kesi za viwanja. Mimi mwenzenu nusura nifilisike kwa ajili ya siti ya gari. Tena si gari linalotembea! Ni siti ya pikapu bovu iliyokaa chini ya mwembe miaka kumi na miwili, kuku wakitagia ndani. Usicheke kwanza, nisikilize.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 404, ile ambayo sisi watu wa zamani tunaiita Pijo tu, yaishe. Modeli hiyo ilianza kutolewa Ufaransa mwaka 1960, na huku kwetu ilijipatia jina kwenye mbio za magari za Safari. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mbio hizo mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiwa na 404. Marehemu baba alinunua ya kwake mwaka 1976, ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili, akawa anabebea machungwa kutoka shambani kwetu Muheza kwenda sokoni Tanga, kilometa kama 35. Kila akifanikiwa kulipita lori la mkonge alikuwa akiupiga usukani kofi na kusema, "Shankland huyo!" Sikumbuki mzaha wake mwingine.

Kwa vijana wa leo nieleze kidogo. Gari lile halikuwa na viti viwili mbele. Lilikuwa na siti moja ndefu kama benchi, kutoka mlango hadi mlango. Gia nayo haikuwa sakafuni, ilikuwa pale pale kwenye shina la usukani, kwa hiyo anayekaa katikati hana kinachomsumbua magotini. Watu watatu mnakaa raha mustarehe, wanne kama ni wembamba, na miaka ile wote tulikuwa wembamba.

Mpangilio wetu ulikuwa huu: Mzee kwenye usukani, mama katikati, mimi kifungua mimba dirishani. Wadogo zangu walikaa nyuma na machungwa. Nilijiona mfalme.

Sasa nikupe siri ya nyumbani. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Mazungumzo yake na mama yalikuwa hivi: "Chakula tayari?" "Tayari." Kwisha. Sikuwahi kumwona akimshika mama mkono wala akimwita jina tamu. Nilikua nikiamini kwamba wale wawili waliunganishwa na watoto na machungwa, na kwamba siku watoto tukiondoka yatabaki machungwa. Nimeoa, nimezaa, na bado nilikuwa na imani hiyo.

Mzee alitutoka mwaka 2016. Pikapu ilikuwa imeshakata pumzi tangu 2010. Mwaka 2022 sisi watoto wanne tukafanya kikao barazani: tuiuze kwa mtu wa vyuma chakavu, maana ilikuwa inaleta nyoka tu. Mnunuzi alishakuja, akaigonga gonga kwa ngumi, akatoa bei. Wa kwanza kuunga mkono nilikuwa mimi, nasema ukweli. Mdogo wangu akapokea arbuni papo hapo na kesho yake ikaingia kwenye ada ya shule.

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Gari uzeni. Siti niachieni."

Tukacheka. Mdogo wangu akamwambia, "Mama, tutakuletea sofa."

"Nimekuomba sofa mimi?"

Kimya. Basi nikajitolea: siti nitaitengeneza kwa pesa yangu, mama aikalie barazani. Niliona ni kazi ya siku mbili. Ole wangu!

Tukafungua bolti, nikaipakia kwenye basi la Dar es Salaam. Konda akaizunguka siti mara mbili, akasema, "Bro, hii ni nafasi ya abiria watatu. Lipa watatu." Abiria wakaangua kicheko. Tukabishana hadi akakubali nauli ya mmoja, nami nikasafiri nikiwa na kiti buti na kiti matakoni, vyote nimevilipia.

Mjini nikapata fundi kijana, mwepesi wa mikono na mdomo. Siku moja akawa amemaliza. Alichofanya ni kubandika sponji la godoro juu ya uchafu wote wa zamani, akavisha kava jeusi lenye mistari myekundu. Linang'aa hilo! Nikalipa laki moja na elfu themanini, nikarudi nayo Muheza kwa mbwembwe.

Mama akaikalia. Miguu ikaning'inia, haigusi chini. Joto lilipopanda kava likaganda na khanga yake. Haukupita mwezi sponji likadidimia upande mmoja, ukikaa unaserereka kama umo kwenye mtumbwi. Mama hakulalamika. Alisema tu, "Ahsante, mwanangu," kisha akarudi kukaa kwenye mkeka wake. Msomaji, ahsante ile iliniuma kuliko tusi.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, Tanga mjini, aliyeanza kushona siti za magari akiwa kijana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye siti. Akaibonyeza kwa ngumi, akacheka.

"Huyu kakuuzia godoro," akasema. "Unene si kitu, bwana mdogo. Siti inataka sponji zito. Ukilibonyeza likikupokea haraka haraka kama mandazi, likimbie. Nalo lenyewe linakaa juu mwishoni. Kazi iko chini."

Akaanza kuifumua. Hakuchana, alifumua uzi mmoja mmoja, maana lile kava la kwanza kabisa lililokuwa chini ndilo litakalokuwa ramani ya kukatia jipya. Lilitoka kava la mjini, likatoka godoro, likatoka kava la zamani la rangi ya kahawia. Chini yake zikatoka nyuzi za kujazia zilizogeuka vumbi, gunia lililooza, halafu springi. Kwenye gunia tukaokota misumari, mbegu za machungwa, na sarafu za zamani: senti ishirini yenye mbuni na senti hamsini mbili zenye sungura. Nilizijua senti hamsini zile. Moja niliwahi kuchapwa kwa kuipoteza!

Fundi hakuwa na habari na sarafu. Alikuwa anabonyeza springi moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Huku kwa dereva zimekwisha, hilo nalitegemea. Huku mlangoni kushoto hebu bonyeza mwenyewe."

Nikabonyeza. Zikaruka kama mpya.

"Na hapa katikati?"

Zilikuwa zimelala chali. Tena zilizolala zaidi ni zile za kuelekea kwa dereva.

Akachukua lile kava la kahawia akalitandaza juani. "Angalia. Dirishani limepauka kwa jua lakini halijachakaa. Katikati limechakaa lakini halijapauka. Nani alikuwa anakaa katikati?"

"Mama. Mimi nilikuwa dirishani, mtoto."

"Uliondoka nyumbani lini?"

"Mwaka 1984, nikaenda sekondari ya bweni."

"Na wadogo zako?"

"Wao walizoea nyuma. Baadaye wakaondoka wote. Gari likabaki na Mzee na mama tu, siku za soko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka 2010."

Fundi akahesabu kwa vidole. "Miaka ishirini na kitu. Wako wawili tu, dirisha liko wazi, na mama yako hajawahi kuhamia mlangoni." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Shika hapo, tuondoe hizi zilizokufa."

Nikashika. Lakini nilishika tu, akili haikuwepo. Nilikuwa nimekumbuka jambo. Miaka ile ya shida ya mafuta magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sasa Jumapili jioni Mzee alikuwa na kawaida ya kwenda kukaa ndani ya pikapu pale chini ya mwembe, gari limezimwa. Mama anampelekea chai, kisha harudi. Tulikuwa tunaambiana kwamba wanalinda betri isiibwe. Wanalinda betri, watu wawili, kila Jumapili!

Kazi ilichukua siku nne. Fremu ilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikaonekana, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, ikaachwa ikauke usiku kucha. Springi zilizokufa zikatolewa, zikawekwa nyingine zenye unene ule ule wa waya, halafu zote zikafungwa kwa kamba ya katani, moja na jirani yake. "Mmoja akishuka, wenzie washuke naye kidogo," fundi akasema, "la sivyo anabeba mtu mzima peke yake, anavunjika." Juu ya springi likatandikwa gunia jipya ili waya usile sponji. Juu ya gunia usumba wa nazi, umepangwa na kushonewa usikimbie. Ndipo sponji zito, inchi mbili tu. Kava jipya la kahawia likakatwa kwa kufuata vipande vya lile la zamani, likaachwa juani lilainike, kisha likavutwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kulia kidogo, kushoto kidogo, hadi likakaza bila mkunjo. Ukilivuta kuanzia pembeni, mikunjo yote inakimbilia katikati na hapo hata ulie haitoki. Nawaambia ninyi mnaopenda vya haraka.

Kabla hajafunga aliniuliza kama nataka sehemu ya katikati aiache imebonyea kidogo kama ilivyokuwa. Nikasita. Akasema, "Mimi ningeinyoosha. Mwenyewe akikaa ataibonyeza."

Nikamwambia ainyooshe.

Bei? Zaidi ya mara mbili ya yule wa mjini. Lakini hilo halikuwa pigo kubwa. Nilipotoka pale nilimpigia simu mdogo wangu: mwambie mtu wa vyuma chakavu asije Jumamosi. Akapiga kelele, "Kaka, arbuni tumeshakula!" Nikamwambia mimi nitairudisha. Nikairudisha, pamoja na faini aliyodai jamaa kwa kusumbuliwa. Mwezi ule nyumbani kwangu tulikula maharage hadi mke wangu akaniuliza kama naugua.

Siti haikwenda barazani. Tuliirudisha mahali pake, kwenye pikapu, chini ya mwembe. Injini haiwaki hadi leo na matairi yamekaa juu ya matofali. Nilifukuza kuku, nikaosha vioo, nikamwita mama.

Akaja polepole na mkongojo wake. Nikamfungulia mlango wa kushoto, nikaenda kukaa kwenye usukani. Mama akaingia, akatua pale dirishani. Akaipapasa siti kwa kiganja, huku na huku. Halafu, kidogo kidogo, akajivuta, akajivuta, hadi akafika katikati, bega lake likagusa langu. Miguu ilifika chini. Akashusha pumzi.

Nikaona sasa ndiyo nafasi. "Mama, sisi wote tulipoondoka, kwa nini uliendelea kukaa hapa katikati? Mlangoni si kulikuwa wazi?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanangu akiuliza maswali ya kipuuzi.

"Mlango ule ulikuwa unavuja. Mvua ikinyesha naloa."

"Mama, Muheza hainyeshi mwaka mzima."

Akanyamaza. Akatazama mbele kwenye kioo, kule ilikokuwa njia ya kwenda Tanga.

"Hebu kaulize kama chai iko tayari," akasema. "Waambie waniletee hapa hapa."