Wimbo Uliopigwa Mara Tatu

Usiku wa Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, watu wengi wa Nansio walikusanyika mbele ya televisheni, wengine mabandani, wengine barazani kwa jirani. Timu ya Tanzania ilikuwa icheze na timu ya Zambia huko San-Pédro, katika nchi ya Kodivaa, magharibi mwa Afrika. Kabla ya mchezo kuanza, wachezaji walisimama safu mbili, na nyimbo za mataifa yao zikapigwa, mmoja baada ya mwingine.

Mtoto mmoja wa darasa la sita, aliyeketi chini karibu na babu yake, alikunja uso.

"Babu," akasema, "mbona hawa Wazambia wameuchukua wimbo wetu?"

Waliokuwapo wakacheka. Babu yake, aliyekuwa mvuvi siku za nguvu zake, hakucheka. Alimwuliza, "Mjukuu wangu, umejuaje kuwa ni wetu, nawe hukusikia humo neno hata moja la Kiswahili?"

Mtoto akanyamaza. Alikuwa na hakika kabisa, wala hakujua hakika ile ilitoka wapi.

Mchezo ulikwisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na watu wakarudi makwao. Hata ilipokaribia saa tano ya usiku, mtoto yule alikuwa kitandani, usingizi haujamshika. Nyumba ya jirani televisheni ilikuwa ingali inasema, kwa maana usiku ule ule Afrika ya Kusini ilicheza na Namibia. Maneno hayakupenya ukutani. Ilipenya sauti tu, nayo ilikuwa hafifu. Lakini mtoto aliinuka akaketi. Ulikuwa wimbo ule ule, mara ya tatu.

Ajabu hii ya sikio kila mtu anayo, ingawa wachache huitafakari. Wimbo ukiimbwa juu na watoto, au chini na wazee, ama ukipigwa kwa mluzi na mtu apitaye njiani, bado huwa ni ule ule. Sikio halishiki ukubwa wala udogo wa sauti, bali hushika hatua zake: hapa imepanda, hapa imeshuka, hapa imekawia kidogo kabla ya kwenda mbele. Ndiyo maana nyimbo zikaweza kuandikwa kwa do, re, mi, njia iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, naye aliipata kwa mwalimu wa kike, Sarah Glover wa mji wa Norwich. Do haina mahali pake pa daima. Mwalimu huiweka pale sauti za watoto ziwezapo kufika, na nyingine zote hupimwa kutoka hapo.

Lakini jina la wimbo halimo katika hatua hizo. Ni kama karatasi iliyofungwa juu ya kikapu cha machungwa ya Ukerewe: ikipotea melini, machungwa hufika Mwanza yakiwa matamu vilevile. Wakristo wengi huimba mahadhi yaliyopigwa chapa mjini Geneva mwaka 1551 katika kitabu cha zaburi. Waingereza huyaita Zaburi ya Mia ya Kale. Ukiyaanza kanisani, watu wote watakufuata. Ukiwauliza jina lake, watatazamana.

Basi Jumatatu mtoto yule aliuliza shuleni, akaelezwa habari ya wimbo wake.

Haukuchukuliwa na Wazambia kwa Watanzania, wala na Watanzania kwa Wazambia. Ulitungwa mwaka 1897, karibu na Johannesburg, na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti. Alikuwa pia kiongozi wa kwaya, naye aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika kwa do, re, mi katika daftari. Wimbo huu aliutunga kwa lugha ya Kixhosa, kumwomba Mungu aibariki Afrika. Kwaya nyingine zikaupokea. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichoitwa baadaye ANC, na mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikaufanya wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ikatumia mahadhi hayo hayo. Zimbabwe nayo iliyatumia tangu mwaka 1980 hata 1994, na Afrika ya Kusini huanza wimbo wake wa taifa kwa mahadhi hayo.

Sontonga mwenyewe hakuona hata moja katika hayo. Alikufa mwaka 1905, umri wake miaka thelathini na kitu tu. Watu walisimama wima kwa ajili ya wimbo wake katika nchi baada ya nchi, na kaburi lake halikujulikana lilipo. Wakaja wakaligundua katika miaka ya 1990, katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Lilikuwa limekawia kuonekana kwa sababu, pamoja na nyingine, walilitafuta daftarini kwa jina la Sontonga, na mwandishi wa makaburi alikuwa ameandika Enoch. Mwaka 1996 likatangazwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa.

Jumamosi iliyofuata, mtoto alimkuta babu yake ufukweni akitengeneza wavu. Mzee alikuwa akivumisha wimbo, midomo imefungwa. Mtoto akaudaka mara moja, kwa kuwa aliusikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

"Babu, wimbo huu unaitwaje?"

"Hauna jina. Ni wa kupigia kasia."

"Nani aliyeutunga?"

"Nami niliukuta. Alikuwapo mtu mmoja, kila safari aliketi mbele ya mtumbwi. Yeye ndiye aliyeuanzisha, nasi tukaitikia. Labda ni wake, labda naye aliukuta."

"Aliitwa nani, babu?"

Mzee aliacha kushona, akatazama ziwani kwa kitambo. Uso wa mtu yule aliuona, na mikono yake, na jinsi alivyoinamisha kichwa kabla ya kuanza. Jina lilikataa kuja.

Mtoto akafungua daftari lake la hesabu ukurasa wa nyuma. "Uimbe polepole, babu," akasema, "niandike do, re, mi." Mzee akaimba, naye akaandika akifuta na kuandika tena. Walipofika mahali pa kuitikia alikosea, na babu akamrudisha mwanzo.