Detekta, Rupia na Bumu Langu

Ukisema chuoni kwamba kwenu ni Lushoto, hukosi mtu wa kukuuliza: "Vipi, mali za Mjerumani bado hamjazipata?" Enzi hizo mji wetu uliitwa Wilhelmstal, na mpaka leo wapo wanaozunguka milimani na detekta wakiamini Wajerumani walifukia dhahabu walipokimbia mwaka 1916.

Likizo iliyopita mjomba alitaka tuchange: yeye auze mbuzi, mimi nitoe bumu, tununue mashine. Nikamwuliza tutachimba wapi. Akaonyesha matuta ya bibi.

Jamani, anayetaka kujifunza detekta aanzie ufukweni, kwenye mchanga mkavu. Pale shimo unalifukia kwa mguu. Mashine hii haitafuti dhahabu peke yake. Hata msumari inaulilia. Sarafu moja huisikia kwenye kina cha sentimita 20 au 30 hivi, na udongo mwekundu wenye chuma unaweza kuifanya ipige kelele bure. Rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo, zipo kweli, ila zilitengenezwa Tabora mwaka huohuo wa 1916. Halafu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba vitu vya kale.

Kwetu ni mteremko. Ukiutoboa mashimo, masika yanashusha shamba bondeni. Nikamwambia, "Mjomba, matuta haya ndiyo yamenisomesha."

Bado amenuna. Bibi ameshapanda maharage.