Kabla ya Kupiga, Sema

Ndugu yangu mdogo ni mlinzi Doha. Saa ya huko na ya Nairobi ni moja, lakini tukipigiana simu maneno huisha mapema. "Mama yuko sawa?" "Yuko sawa. Kazi?" "Poa." Basi.

Kwa hivyo nikaanza kucheza Call of Duty: Mobile, gemu anayoipenda tangu itoke 2019.

Wiki ya kwanza nilijifunza kitu kimoja tu: kusikiliza. Hatua za adui husikika kabla hajaonekana. Wiki ya pili, ramani ndogo pale kwenye kona: adui akifyatua bila kiwambo cha sauti, kitone chekundu kinamchoma. Kulenga kulikuja mwisho, tena polepole.

Kwenye Search and Destroy mko watano kwa watano, na ukiuawa hurudi hadi raundi nyingine. Unabaki kutazama wenzako. Mimi hufa mapema, so kazi yangu ikawa kusema nilichoona: "Wawili B, mmoja ameumia."

Siku hizi brathe hunijibu. Juzi, tukingoja raundi ianze, akasema polepole: "Bro, hatujalipwa miezi miwili."